Tulivyonawa Mikono Mitwaba

Niliondoka Katuba, mtaa wetu wa mjini, kwenda Mitwaba kwa sababu mimi si msemaji. Wakati ule wa korona, ndugu Wakristo wa Ulaya wanaolisaidia kanisa letu walikuwa wametuma ndoo za plastiki zenye robine, yaani bomba dogo la kufungulia maji, ili watu wa Mitwaba wanawie mikono. Ndoo zilitangulia. Sasa wale ndugu walitaka picha za watu wakinawa, ndipo waamue watatuma nini katika mzigo wa pili. Sisi tulikuwa tumeomba unga. Malori ya wachuuzi hayakuwa yakifika tena Mitwaba, soko lilikuwa limefungwa, na watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

Papa Deo, mwenyekiti wa kamati, aliniita mbele ya wenzake.

"Mado, tunakutuma weye juu weye hausemake. Muntu wa kusema mingi, bakimupa kuku ataomba na mbuzi. Weye upige foto tu, urudie."

Niliitikia kwa kichwa. Hapo kila mtu aliona kwamba wamechagua vizuri.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa uani mwa kanisa, lori limejaa katoni za sabuni zilizofuata zile ndoo. Papa Deo aliliombea lori. Aliombea magurudumu, akaombea breki, akavuka bahari akaombea viwanda vya sabuni vya Ulaya, kisha akarudi kwenye magurudumu kana kwamba amesahau moja. Dereva wetu, Papa Sangwa, alikuwa amewasha injini kwenye amina ya kwanza, akidhani ndiyo ya mwisho.

"Papa Deo," alisema kupitia dirishani, "Mungu alishasikia. Mazutu ya injini iko inaisha."

Kabla ya mji wa Likasi tulisimamishwa kwenye kizuizi. Amri ilikuwa kila mtu avae barakoa, nasi tulikuwa na moja, kwa sababu barakoa ya Papa Sangwa ilibaki mfukoni mwa suruali ambayo mke wake aliifua. Askari alikuja kwanza upande wangu, akanikuta nimevaa. Alipokuwa anazunguka lori kwenda upande wa pili, niliivua nikampitishia Papa Sangwa. Askari akamkuta amevaa, akaridhika, halafu akainamisha kichwa akanitazama tena mimi.

"Na ya huyu mutoto mwanamuke iliruka wapi?"

"Chef, iko moja," akasema Papa Sangwa. "Tunavaa kwa zamu, kama bale ba mugodini."

Askari alicheka mpaka barakoa yake mwenyewe, iliyokuwa imeshikilia kidevu, ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali, akairudisha palepale kidevuni, akatufungulia njia.

Baada ya Likasi tuliiacha lami. Barabara ya kule ni mashimo yaliyounganishwa na vipande vya barabara. Mara mbili tulishuka kukata matawi tuyaweke chini ya magurudumu, na mara zote mbili Papa Sangwa alitaka kujua ni gurudumu gani ambalo Papa Deo alilisahau katika sala. Tulilala kwa jamaa za Papa Sangwa njiani, tukaendelea kulipokucha.

Siku ya pili alasiri tuliingia Mitwaba. Aliyetupokea ni Mama Ngoie, kiongozi wa akina mama wa kanisa la pale, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamuru. Hakunipa mkono. Alipiga goti, akapiga makofi taratibu, kama watu wa kule wanavyosalimiana tangu zamani, nami nikafanya vilevile. Nikawaza kwamba hawa wangeweza kuwafundisha Wazungu jinsi ya kusalimiana bila kugusana, na hakuna ambaye angewadai picha.

Ndoo ilikuwa mlangoni kwake, juu ya kiti, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kama meza ya altare. Nilifurahi. Mama Ngoie akachukua kikombe, akafungua robine, akanikingia. Kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe, na kilinukia mahindi.

Ilikuwa munkoyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuinywa, munkoyo ni uji wa mahindi unaotiwa mizizi fulani, ukaachwa uchachuke kidogo. Niliinywa yote, kwa sababu nilikuwa na kiu na kwa sababu sikujua la kusema. Kisha nikatazama nyumba za jirani. Kila mlango ulikuwa na ndoo, kila ndoo ilikuwa na kitambaa, na chini ya kila robine palikuwa na kikombe.

"Zote?" niliuliza.

"Zote," akasema Mama Ngoie. "Unaona, mwanangu, unga kidogo ile, nikisonga bukari, inaisha siku moja. Nikifanya munkoyo, batoto banakunywa siku tatu. Na robine inagawa sawasawa, hakuna mwenye kuingiza mukono ndani. Bale bantu ba Ulaya beko na akili sana. Balijuaje?"

"Mama, ni za kunawa mikono."

Alinitazama kwa huruma.

"Mukono tunanawa mutoni. Mutoni haina robine, lakini maji iko."

Nilimweleza habari ya picha na ya unga. Nilisema maneno mengi kuliko niliyoyasema mwaka mzima. Akaelewa upesi, na uso wake ukabadilika.

"Basi tumwage?" aliuliza. "Batoto batakula nini kesho? Na ndoo ikishaingia sabuni, munkoyo haiikubali tena."

Hapo neno lilikuja kwenye ulimi wangu. Nilitaka kusema: tupige picha za munkoyo, watoto wakinywa, tuwaambie ukweli. Lilikuwa neno fupi tu. Lakini akina mama kumi hivi walikuwa wamekwisha kusanyika wananitazama, na mimi nikitazamwa na watu wengi hujiona kama nimesimama bila nguo. Nikalimeza. Papa Sangwa ndiye aliyesema.

"Foto haina harufu," alisema. "Munkoyo iko nyeupe kama maji ya sabuni. Bapake mapovu ku mikono, ndoo itoe kidogo tu. Nani atajua?"

Watu wakapiga kelele za furaha. Wakaenda kuvaa nguo za Jumapili.

Basi tukaanza. Mtu alipaka sabuni yenye maji ya mtoni, akanyoosha mikono, Mama Ngoie akafungua robine kidogo sana, na mimi nikapiga. Kila tone lilimuuma.

"Funga, funga! Ile iko chakula ya bajukuu yangu!"

Kuhusu barakoa tulishindwa kabisa. Kila mmoja alivaa vizuri yake aliyojishonea, akaivua nilipoinua simu. Mama mmoja alinikaripia: aliyepewa kitu lazima aonyeshe uso anaposhukuru, la sivyo anafanana na mwizi. Nikampiga picha uso wazi.

Halafu nyuki wakaja, wamefuata utamu wa munkoyo. Walikuwa wachache, kisha wakawa wengi, na picha nyingi zinaonyesha watu wakipunga mikono hewani kana kwamba wanamsifu Bwana. Wa mwisho kupigwa picha alikuwa Papa Kaseya, mzee wa kwaya, ambaye kila munkoyo ilipomgusa vidole alivilamba.

"Papa, usilambe!"

"Nimesahau," alisema, uso umekunjamana kwa ladha ya sabuni. Akalamba tena.

Kesho yake asubuhi tuligawa sabuni, tukaanza safari ya kurudi. Mama Ngoie alituwekea chupa ya munkoyo, akanishika bega, akasahau korona.

"Ile unga, mwanangu. Usiache baisahau."

Nilimwambia hawatasahau.

Katuba walizipenda picha. Papa Deo alizituma Ulaya siku ileile, na moja, ile ya Papa Kaseya ambayo kwa bahati hakuwa amelamba bado, ikabandikwa mlangoni mwa kanisa. Baada ya majuma kadhaa jibu likasomwa mbele yetu sote. Wale ndugu walikuwa wameonyesha picha kanisani kwao na watu wamelia. Walishangaa jinsi watu wa Mitwaba walivyokuwa na furaha kunawa, hata kuinua mikono wakimshukuru Mungu. Kwa hiyo mzigo wa pili ulikuwa tayari: ndoo nyingine, kubwa zaidi.

Kanisa likapiga makofi. Sitadanganya tena: na mimi nilipiga.

Lori likaenda, safari hii bila mimi. Ujumbe wa sauti wa Mama Ngoie ulinifikia siku chache baadaye. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na alihema.

"Mado, ndoo tumepata. Iko kubwa, iko muzuri. Basi utuambie, tuweke nini ndani? Unga iliisha juma iliyopita. Batoto banaipiga kama ngoma."

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikakaa kuwaandikia wale ndugu wa Ulaya. Mimi niliishia darasa la sita, na barua hiyo ya mistari michache ilinichukua siku mbili. Niliandika kwamba maji waliyoyaona hayakuwa maji. Niliandika munkoyo ni nini, na nyuki walitoka wapi, na kwamba ndoo zao zililisha watoto mpaka unga ukaisha, na hilo ndilo lililostahili kuliliwa machozi. Nikaomba msamaha. Nikaomba unga. Safari ile ilinifundisha kwamba kunyamaza kwangu, ambako watu wote wanakusifu, kunaweza kumlia mtu chakula chake.

Jumamosi nilimpelekea Papa Deo barua, nikakataa kuketi, nikamsomea kwa sauti mpaka mwisho. Alivua miwani.

"Utatuhaibisha, Mado."

"Ndiyo, Papa. Lakini itaenda."

Alichukua barua, akanirudishia, na kalamu yake juu.

"Ongeza na mafuta," alisema.