Fundi Viatu Anayekagua Nyayo za Wanaume Walioachwa

"Vua."

"Don Eleuterio, nimeleta kiatu tu. Soli imeachia."

"Kiatu nimekiona. Sasa nautaka mguu."

Saa mbili asubuhi, soko la mji wa Atlixco, Meksiko, limeshachangamka. Wauza tamale, donge la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi, wanaita wateja, maua yananyunyiziwa maji, na Don Nabor, mwoka mikate mwenye tumbo lake na aibu zake, anavua soksi mbele za watu. Fundi viatu Eleuterio Tecuapetla, mwenye miaka 61, anaupakata mguu huo juu ya aproni yake ya ngozi na kuupekua kidole baada ya kidole.

"Mke akiondoka anaondoka na macho yake," anasema bila kuinua kichwa. "Siku hizi nani anakuangalia unyayo?"

"Nani aniangalie? Paka?"

Wauza tamale wanaangua kicheko. "Muoe basi, Don Eleuterio!" mmoja anapaza sauti. "Mguu umeshaupata!"

Wala hajali. Kibandani kwake, mwanamume mwenye kisukari anayeishi peke yake hashonewi kiatu mpaka akaguliwe mguu. Ukaguzi ni bure. Kinacholipiwa ni kiatu, na siku njema humbakizia peso mia tatu baada ya gundi, nyuzi na ushuru wa soko.

Ukitaka kujua kisa, mtazame akisimama. Mguu wake wa kushoto umepungua vidole viwili.

Alipokuwa na mke, Doña Hermelinda, kila jioni alioshwa miguu kwenye beseni la bati. Kisukari kilikuwa kimeshamtia ganzi. Angekanyaga kaa la moto asijue. Aliyejua ni Hermelinda. Akiona wekundu, anapaka dawa. Akiona soda mkononi mwa mumewe, anaimwaga uani, na maneno juu.

"Nilidhani ni kelele," anasema Eleuterio. "Kumbe ilikuwa tiba!"

Walitalikiana baada ya miaka ishirini na minane. Mwaka haujaisha, msumari ukachomoza ndani ya kiatu chake, msumari alioupigilia kwa mkono wake mwenyewe. Akatembea nao. Aliyemshtua ni mbwa wa jirani, aliyekuwa haachi kumfuata akinusa. Hospitalini wakakata.

"Mganga hajigangi, sawa. Lakini mimi nilizidi!"

Tangu hapo ndipo alipoanza kuwavua wenzake viatu. Wapo wanaume sokoni humu wanaotembea kwa miguu miwili kwa sababu yake, na wanakiri hivyo bila kulazimishwa.

Leo, hata hivyo, Don Nabor hainuki. Amevaa soksi, amekunja mikono.

"Zamu yako."

"Zamu gani? Mimi mzima."

"Vua, mzee. Au unaogopa?"

"Anaogopa!" wanaitikia wauza tamale.

Eleuterio anacheka, anavua kiatu cha kulia kwa mbwembwe. Don Nabor anainama. Kicheko kinamkauka.

"Kuna kidonda chini ya kidole gumba. Kibichi."

Fundi anaugeuza mguu aone mwenyewe. Novemba binti yake, Anahí, anaolewa, naye ameahidi kucheza naye dansi ya baba na bibi harusi. Mguu uliobaki mzima ni huo.

Habari sokoni haina breki. Punde Doña Hermelinda amefika kutoka meza yake ya maua, maji yakimchuruzika mikononi. Anatazama mara moja.

"Zahanati, sasa hivi. Mimi siendi na wewe. Nabor atakupeleka."

Wanaondoka wawili hao, mwoka mikate akimwegemeza fundi begani.

Mimi, mwandishi niliyekuja kuandika habari za fundi huyu, namuuliza Hermelinda kama hamwonei huruma. Anashika kiuno.

"Ninayo, tena tele. Lakini nikueleze, mwanangu. Nilipoachana naye presha ikashuka, nikaanza kulala mpaka asubuhi. Daktari akaniuliza nimepunguza nini, chumvi? Nikamwambia chumvi ni ileile, niliyempunguza ni mume!" Anacheka, kisha sauti inashuka. "Kabla ya hapo kifua kilinibana miaka mitatu. Miguu yake ilikuwa na mwangalizi. Mimi sikuwa na wa kuniangalia."

Kesho yake Eleuterio yuko kibandani, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kigoda. Muuguzi amemwambia kidonda kimewahiwa. Asipokanyagia mguu huo, utapona. Mkononi anashona viatu vyeupe vya Anahí.

Namsimulia aliyosema Hermelinda. Sindano inasimama.

"Ni kweli. Yeye alizijua nyayo zangu. Mimi vidonge vyake vilikuwa juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula, sikuwahi kuuliza ni vya nini. Hilo linaniuma kuliko vidole."

Hana mpango wa kurudiana. "Amepata nafuu, kwa nini nimtie ugonjwa tena?" Mpango wake ni kucheza na binti yake Novemba. Na kabla ya hapo amkalishe mkwe wake kwenye kigoda hiki, amfundishe kuuliza.

Hermelinda anapita na beseni la maua kichwani. Anatupa jicho kwenye bendeji, anaendelea na safari yake.

"Hermelinda!" Eleuterio anaita. "Vidonge vya presha, leo umekunywa?"

Mama anasimama. Anamgeukia taratibu, mkono mmoja ukishikilia beseni.

"Nimekunywa," anasema. "Asante kwa kuuliza."