Mkeka Wenye Tundu

Mume wangu alikuwa pande la mtu, akiita ng'ambo hii ya mto Tana anasikika ng'ambo ile. Lakini mamba alipomng'ata kalio, alilia mpaka ng'ombe wa jirani zetu wafugaji wakaacha kunywa maji.

Ilitokea akipanda mtumbwi kwenda kuangalia migomba yetu. Mguu mmoja ndani, mwingine bado majini. Alimtwanga mamba kafi ya pua, mamba akaachia, na mtumbwi ukaenda zake bila mtu. Wanaume wakamleta nyumbani kifudifudi, bado kashika kafi.

Mamba hakuwa taabu. Taabu ni kwamba kijijini kwetu, karibu na Garsen, mjuzi wa vidonda alikuwa mmoja tu, naye ni mama yangu. Mkwe wake! Mume wangu alikuwa akimwona mama njiani anaingia kichakani ampishe. Hata kula mbele yake hajawahi. Leo amwonyeshe kalio?

"Bora nife," akasema, uso kaufukia mkononi.

Akaja kwanza mjomba wake kumwosha. Mjomba alikuwa na mkono wa mtu anayekwangua chungu kilichoungua. Kitambaa tulichomfunga kilikuwa kimegandia kidonda, akakibandua kwa mvuto mmoja. Mume wangu akamrushia teke, mjomba akaondoka akinung'unika kwamba hakuja kupigwa mateke.

Kesho yake kidonda kikaanza kunuka. Nikakimbilia kwa mama nikilia. Akachukua mkeka mkuukuu na kuutoboa tundu katikati kwa kisu.

"Mwambie mumeo simtibu yeye," akasema. "Namtibu mgeni. Mgeni yuko nyuma ya mkeka, simjui, na wala sitaki kumjua."

Tukautundika mkeka kwenye boriti. Mume wangu akalala ubavu, pale kwenye tundu pakaonekana kidonda tu. Mimi nikakaa kichwani pake na kikapu cha ndizi mbivu. Mama alipasha mikono moto kwanza, maana mkono baridi humshtua mgonjwa.

"Hodi, mgeni."

"Karibu," akajibu mume wangu kwa kisauti chembamba, asitambulike. Nikajiziba mdomo kwa kaniki.

"Nisimulie ulivyopigana na mamba. Ukisema, naosha. Ukinyamaza, natoa mkono."

Akaanza. Mama akamimina maji ya vuguvugu yenye chumvi mpaka kitambaa nilichomfunga baada ya mjomba kikaachia chenyewe. Akapaka asali, akafunika kwa jani changa la mgomba lililolainishwa motoni, maana hilo haligandi. Palipouma mume wangu alinyamaza, na kweli mama akatoa mkono. Nikampa ndizi, akatafuna, akaendelea.

Lakini kisa kile kilikuwa kifupi, na kidonda kikubwa. Basi mamba akaanza kukua. Mara ana urefu wa mitumbwi miwili. Mara mke wa mamba kaja kumsaidia mumewe. Mara kiboko katokea kuamua ugomvi. Majirani wakawa wanakuja kusikiliza, wengine na mahindi yao ya kupukuchua.

Siku moja mama akauliza, "Na huyo kiboko alikuwa upande wa nani?"

Mume wangu akasahau kisauti chake. "Upande wangu, mama!" akanguruma.

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, mwili mzima ukatikisika, kamba ikakatika, mkeka ukaanguka. Nikaona mambo yamekwisha. Mama akavuta kaniki yake, akajifunika kichwa chote, na mikono yake haikuacha kazi.

"Mgeni," akasema ndani ya nguo, "leo humu ndani kuna upepo."

"Mkali sana," kikajibu kisauti chembamba.

Kidonda kikafunga, ingawa kwa muda mrefu mume wangu alikaa kiupandeupande kama mtu anayechungulia mlangoni. Kilichonishangaza ni mfugaji mmoja aliyechomwa mwiba mguuni. Hakuwa mkwe wa mtu yeyote kwetu. Mama akamwambia anyooshe mguu amtoe mwiba.

"Bila mkeka?" akauliza, amekasirika kabisa. "Na ndizi ziko wapi?"

Tukamtundikia mkeka. Akaketi nyuma yake, mguu kautoa tunduni, akamweleza mama kwa kirefu habari za simba. Mama alipomaliza, alimwomba akae kidogo. Alitaka kujua simba yule aliishia wapi.