Wimbo wa Zamzam

Juzi nilikuwa Wandegeya nikingoja chapati yangu ikunjiwe mayai, moshi wa mafuta ukiniwasha macho, redio ya muuzaji ilipopiga wimbo ule wa Zamzam. Kisha mtangazaji akasema Mwalimu Gerevazi amefariki. Waliokuwa wakingoja wakaguna kwa huzuni. Mimi njaa iliniisha papo hapo.

Ndiye aliyenifundisha kuimba. Alikuwa mwalimu wetu wa muziki shuleni Bwaise, kabla nchi nzima haijamjua. Alitulaza chali sakafuni, kila mtoto na kikombe cha plastiki tumboni, tujifunze kupumua. Changu kilianguka kila nilipocheka, na nilicheka sana. Nilimpenda kuliko wajomba zangu wote, Mungu anisamehe.

Siku moja nikamwambia kwamba habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, ana wimbo unaozidi nyimbo zote za darasani. Jioni hiyo akaja kwetu, suruali imekunjwa, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Habuba alikuwa barazani akisuka kawa ya kufunikia chakula. Aliimba anaposuka tu, taratibu, akimtaja Zamzam, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Jaja, huyu Zamzam ni nani?" Mwalimu aliuliza, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Mtoto yangu ya kwanza," Habuba akasema. "Maji ya mvua ilimbeba hapo mtaroni. Hatukumpata. Sasa namwimbia alale."

Mwalimu alilia. Alijifuta kwa mkono wa shati, akamwomba aimbe tena, na Habuba, ambaye hakuwahi kumwimbia mgeni, akaimba.

Mvua zilizofuata, wimbo ukatoka redioni. Sauti ilikuwa ya Mwalimu, magitaa yakirukaruka, na Zamzam amekuwa mchumba mwenye kiuno cha kumtia mtu wazimu. Mtangazaji akamsifu kwa kuutunga. Mimi, mtoto, nilikimbia nyumbani nikipiga kelele: "Habuba! Zamzam yuko redioni!"

Alisikiliza hadi mwisho dirishani kwa jirani. Akakusanya nyuzi zake, akaingia ndani. Hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Shuleni nilimuuliza Mwalimu kwa nini ameuchukua wimbo wa Habuba. Akanishika bega, akatabasamu. "Wimbo ni ya watu wote, mwanangu." Muhula uliofuata hakurudi; mjini walikuwa wakimngoja.

Miaka mingi nilidhani Habuba alinyamaza kwa hasira ya kuibiwa. Nilipokuwa mama ndipo nilipoelewa. Kila harusi ya Bwaise, kila baa ya Kawempe, watu walikuwa wakilicheza jina la mtoto ambaye hakupata hata kaburi. Wimbo ule ndio uliokuwa kaburi lake.

Jana wanafunzi wake wa zamani walinipigia simu, wanataka tuuimbe mazikoni. Nimekataa. Wameshangaa, wanasema Mwalimu alikuwa na moyo mwepesi, alilia upesi. Najua. Nilimwona. Laiti machozi yale yangekuwa ya uongo, ningemsamehe kama mwizi yeyote. Lakini alielewa kabisa alichoambiwa pale barazani, kisha akaenda kutafuta mpiga gitaa.