Sanda Sita za Babu

Babu yangu alinunua sanda yake mara sita, na siku aliyokufa hakuwa nayo hata moja. Nasema hivi kwa hasira kidogo, kwa sababu nne kati ya hizo nilizibeba mimi, kwa miguu, kutoka duka la vitambaa la Rohero, katikati ya mji, hadi mtaa wetu wa Buyenzi, na njiani kila askari alitaka kujua nimebeba nini.

"Sanda," nilikuwa najibu.

"Ya nani?"

"Ya babu yangu."

"Pole, dada. Amekufa lini?"

"Apana, hayakufa. Iko nyumbani anakula."

Hapo ndipo mfuko ulipofunguliwa na kupekuliwa hadi chini.

Babu alikuwa fundi cherehani. Mchana alikaa barazani akishona suruali za shule, na mtaani akifa mwanamume Mwislamu, aliweka sindano, akanawa, akaenda kumwosha. Hakupokea malipo kwa kazi hiyo ya pili, wala soda. Tatizo lake ni kwamba jicho lake halikujua mpaka kati ya kazi moja na nyingine. Akikutazama toka utosini hadi miguuni, hukujua kama anakupimia suruali au safari. Na alipenda sana kutembelea wagonjwa. Jirani yetu mmoja alikuwa kitandani wiki mbili kwa malaria, hali, hasemi. Babu akaingia na machungwa yake, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama kwa upole wote wa dunia. Yule bwana akaketi, akaomba uji. Babu mpaka mwisho wa maisha yake aliamini ni baraka ya machungwa.

Wazee wa kwetu huweka sanda mapema. Ya bibi ilikuwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, vipande vitano kama inavyotakiwa kwa mwanamke, pamoja na ubani na kafuri. Ya babu, vipande vitatu vya bafta, ilikuwa kwenye valizi, sanduku kuukuu la safari, chini ya kitanda. Ni kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe. Kofia alivaa za kupewa, viatu vya marehemu kaka yake. Lakini sanda alisema, "Nimekula ya watu, nimelala kwa watu. Siku ya kwenda, niende na kitu ya jasho yangu."

Kisha vita vikaja, na watu wakaanza kufa bila kujiandaa. Kabati la msikiti lililokuwa na bafta ya wasio na ndugu likaisha. Halafu nchi jirani zikatufungia mipaka, bafta ikapanda bei pamoja na sukari na petroli, na kabati likabaki na buibui. Mtu wa kwanza kukosa sanda alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, ambaye ndugu zake wote walikuwa wamekimbia. Babu akarudi nyumbani, akaingia chini ya kitanda, akatoka na valizi.

Bibi akasimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini mlango ulimtosha.

"Ile ni yako, muzee!"

"Mi nitakufa siku ingine. Ule amekufa leo."

"Na siku yako ikifika tukuzike na nini? Na gazeti?"

"Gazeti nayo imepanda bei," babu akasema, akapita chini ya mkono wake.

Ugomvi huo niliusikia mara tano, na maneno hayakubadilika sana. Babu alishona suruali miezi kadhaa, akaweka kidogo kidogo, akanituma Rohero, kwa kuwa nilifanya kazi huko kwenye duka la dawa. Bafta ikakaa kwenye valizi wiki tatu, mwezi, halafu mtu akaja kubisha hodi huku amevua kofia. Safari ya nne, mwenye duka, Mwarabu ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mjini tangu babu wa babu zake, aliweka mkasi chini akanitazama.

"Binti, babu yako anakufaka mara ngapi?"

Nikamweleza. Akakata, akaongeza mita mbili ambazo hakuzitaja. Babu alipopima nyumbani akagundua ziada, akanirudisha Rohero kwa miguu kuzilipia. Mwarabu akakataa. Nikarudi. Siku ile niliwachukia wacha Mungu wote wawili sawasawa.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtakatifu wa kutembea ananing'inia hewani. Alikoroma, alidanganya kwenye karata, na alikuwa mkaidi kama cherehani yake. Siku moja alikwenda mtaa wa Nyakabiga kuosha maiti wakati vijana wameziba njia kwa mawe na matairi. Wakamuuliza yeye ni kabila gani, swali ambalo siku zile jibu lake baya lilikuwa la mwisho. Babu akajibu, "Mi fundi." Wakauliza tena. Akajibu tena. Halafu akamtazama mkubwa wao toka utosini hadi miguuni, mtazamo ule ule, akasema, "Zipu yako imeharibika." Akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, akapiga goti palepale kizuizini, akaitengeneza huku kijana amesimama na panga lake, haya imemjaa. Walimpitisha kwenda na kurudi. Aliporudi wawili wengine walikuwa wanamngoja na vifungo vyao mkononi.

Bibi aliposikia, alilia kwanza, halafu akamgombeza mpaka magharibi. Akamalizia na lile onyo lake la siku zote, akishika fundo la kitenge alimofunga ufunguo: "Yako gawa, gawa mpaka uishe! Lakini yangu mutu asiiguse. Mi siko msikiti."

Sanda ya sita ndiyo iliyonihusu. Ilifika nyumbani wiki ile ile ambayo watu wa mchumba wangu walituma ujumbe kwamba wanakuja kujitambulisha. Bibi akatazama madirisha ya sebuleni, yaliyofunikwa vitenge vilivyopauka, halafu akatazama ile bafta nyeupe mezani. Babu akaona anavyotazama.

"Apana," akasema.

"Maiti haionaka haya," bibi akasema. "Mi ninaona."

Kwa hiyo babu alishona sanda yake ikawa mapazia. Alinung'unika, lakini alishona vizuri, kila pindo mara mbili, kwa sababu alikuwa na imani kwamba kushona mara moja ni kumdanganya mtu. Wageni walikuja, shangazi wa mchumba akayasifu mapazia kuliko alivyonisifu mimi. Mchumba mwenyewe miezi miwili baadaye alipata njia ya kwenda Ulaya na hakuandika. Mapazia yakabaki. Bibi alitukataza kuyagusa, hata kwa mkono uliooshwa.

Babu alikufa asubuhi, kwenye mkeka, tasbihi mkononi, baada ya chai. Bibi alilirudia hilo kwa kila aliyeingia: angalau alikunywa chai. Ilikuwa siku ya ville morte, mji umefungwa, mawe barabarani, maduka ya Rohero yote kufuli, na kwetu maiti hangoji kesho. Watu wa msikiti wakapasha maji moto. Mjomba akavuta valizi: ndani mlikuwa na futi ya kupimia na ganda la chungwa. Hakuna aliyeshangaa. Sote tukageuka kumtazama bibi.

Bibi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati. Hakuinuka.

"Mama," mjomba akasema kwa adabu, "tusaidie. Tutakununulia ingine."

Akafungua fundo la kitenge polepole, akanipa ufunguo, akatazama ukuta. Nikafungua. Harufu ya kafuri ikanipiga usoni. Kulikuwa na pakiti ya ubani, na chini yake bati tupu.

"Bibi, sanda iko wapi?"

"Niliipana."

"Ulimpa nani?"

Aliyejibu alikuwa mlangoni, jirani yetu muuza mikate, Mkristo wa kwenda misa kila asubuhi. Alikuwa tayari analia. Mama yake alikufa Nyakabiga wakati wa mapigano, akasema, na yeye hakuwa na kitu cha kumfunika ila shuka iliyochanika. Bibi alimpelekea vipande vyote vitano chini ya kikapu cha mihogo. "Akanikataza nisimuambie muzee."

"Kwa nini?" mjomba akauliza.

"Angenicheka," bibi akasema. "Miaka yote ile ninamugombeza! Angenicheka mpaka leo."

Mtu akacheka. Nasikitika kusema ni mimi. Halafu muuza mikate, halafu mjomba, halafu bibi mwenyewe, mabega yakitetemeka, machozi yakimdondoka kwenye kitenge. Shekhe barazani akakohoa kwa nguvu.

Bibi akajifuta uso, akatazama mapazia dirishani.

"Shusheni," akasema.

Sanda ya mwanamume haiwi na mshono. Nikakaa sakafuni na wembe kufumua mapindo, uzi mmoja, na chini yake uzi wa pili. Nilimlaani babu kwa kila hatua ya sindano yake. Shekhe akatuma mtu kuuliza kulikoni, akatuma tena.

"Muambie angoje," nikasema. "Marehemu ameshona mara mbili."

Bibi akachukua wembe mwingine, akakaa kando yangu, akaanza upande wa pili. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Tulipofika katikati akasimamisha wembe.

"Hii ameinunua mwenyewe?" akauliza, ingawa alijua.

"Mwenyewe, bibi. Suruali ishirini za shule."

"Basi," akasema. Akaukunja uzi alioufumua, akaufunga kwenye fundo la kitenge pale ulipokuwa ufunguo, na tukaendelea kufumua.