Ekseli Katikati

Mimi subira sikupewa. Fundi wa kuchomelea, mzee aliyekulia Bukavu kama mimi, alikuwa bado anapima vyuma vya trela langu kwa chaki, nami nilikuwa nimeshazunguka karakana yake ya Kamembe mara kumi. Nilimwambia aweke ekseli katikati kabisa, tumalize.

"Papa, katikati hapana," alisema. "Tuirudishe nyuma kidogo. Remorke, hii trela yako, inapashwa kulemea gari. Kama hailemee, itacheza."

Nilimcheka. Miaka mingi nilisukuma mkokoteni wa magurudumu mawili kuvuka mpaka kati ya Bukavu na Kamembe, na sisi wasukumaji tunajua mkokoteni mzuri ni ule usiokuvunja mikono: ekseli katikati, mzigo sawasawa, unatembea nao kwa vidole. Uzito ulikuwa umenitesa vya kutosha, nisingeuomba tena kwa hiari yangu. Mwenye macho haambiwi tazama, nilijisemea. Mzee akachomelea nilipotaka.

Wiki hiyohiyo tulikwenda Gashonga kuchukua mihogo, mke wangu kando yangu, mtoto wetu wa miezi mitano mapajani mwake. Mihogo ilichelewa. Nikaipakia mwenyewe kwa hasira, nikarundika magunia nyuma, karibu na mlango wa trela, maana kuyasukuma hadi mbele kungenipotezea muda. Niliona kabisa kwamba mkia wa gari umeinuka kidogo. Nikaondoka.

Kwenye mteremko trela likaanza kuyumba. Nikakanyaga breki, likazidi. Lilituvuta kushoto, likaturusha kulia, na usukani ukawa haunisikii. Mke wangu alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili, akautazama mtaro uliokuwa unatusogelea. Tulisimama gurudumu moja likiwa ukingoni.

Nilishuka. Nikahamisha magunia moja moja kuelekea mbele, mpaka gari likakaa chini vizuri. Kazi yenyewe haikufika hata robo saa. Kisha nikaenda kumfungulia mke wangu mlango.

"Sasa iko bien, maman. Panda."

Alikuwa ameshashuka nilipokuwa nahamisha magunia, na kumfunga mtoto mgongoni.

"Papa, weye beba mihogo yako," alisema. "Mutoto, miye nitamubeba."

Akaanza kutembea kuelekea Kamembe. Nilimfuata kwa gia ya kwanza, trela limetulia nyuma yangu, halichezi hata kidogo. Watu wa pikipiki walipunguza mwendo wakauliza kama gari limekufa, nikawajibu hapana, nikaona aibu. Nilishusha kioo nikasema nimekosa. Nikasema tena, kwa sauti. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaendelea kutembea.