Karani na Barua ya Mama Tryphena

Karani wa kodi alifika Voi siku ya soko, akaweka meza yake kando ya duka la Rashid. Kofia yake ilikuwa ya kaki, vidole vyake safi kuliko vya mwalimu wetu. Kwa kila risiti alifuta kalamu kwa leso, akakohoa kidogo, akaandika mbiombio, kisha akagonga muhuri kwa kishindo. "Anayefuata!" Sauti ile ilitunyoosha migongo. Kodi ya kichwa tulizoea kulipa kwa chifu, lakini nani angebishana na muhuri?

Mama Tryphena alilipa kodi ya mumewe, kisha akamkabidhi karani barua, kama tunavyomkabidhi kila mgeni ajuaye kusoma. "Nisomee tena, baba." Karani akakohoa. "Mwanao hajambo. Krismasi atakuja." Barua hiyo mwalimu alikuwa ametusomea Jumapili kanisani: kijana alifia bandarini Mombasa, na ameshazikwa. Mama Tryphena akanigeukia, macho yamemtoka. "Kumbe yu hai?" Nikafungua risiti yangu, niliyoikunja bila kuitazama. Wino ulipindapinda vizuri, mstari baada ya mstari, na haukuwa na herufi hata moja.