Aliyefungwa Anapisha

Keki ilikuwa na umbo la drafti. Miraba sitini na minne, nyeusi na nyeupe, na juu yake vizibo vya sukari, vyekundu kwa vya kijani, na mwokaji wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyeitengeneza aliapa kwamba hata ukichukua rula utakuta miraba yote iko sawa. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia. Nilimlisha mume wangu kipande, naye akanilisha mimi, emsii akabweka kwenye spika kwamba bwana harusi leo atakula kete mpaka kuche, ukumbi mzima ukacheka, nami nikaitabasamia kamera huku krimu imenikwama kooni. Mpaka leo nikiona krimu nyeusi nasogeza sahani.

Nasema haya kwa sababu watu hunisimamisha njiani na kuniambia nilifanya harusi nzuri sana. Huwa natamani kuwatapikia viatu.

Drafti nimekua nayo. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, na umeme ukikatika aligeuza debe, akaweka ubao juu yake, akapanga vizibo vya soda upande wake na vya bia upande wa mwenzake. Alinifundisha nikiwa darasa la pili. Sheria alizozitilia mkazo zilikuwa mbili. Ya kwanza, kula ni lazima: kete ya mwenzako ikikaa wazi mbele yako huna hiari, utaila hata kama unaona kabisa kwamba ni mtego. Ya pili, aliyefungwa anapisha. Hakuna cha mkubwa wala mgeni, ukifungwa unainuka kwenye kigoda, anakaa anayefuata. Baba akishakufunga alisema neno moja tu, "Pisha." Nimemsikia akimwambia mchungaji, nimemsikia akimwambia diwani, na mimi mwanawe wa pekee ameniambia mara ambazo sina hesabu yake.

Mume wangu nilimpata hukohuko kwenye drafti. Nilikuwa nimepeleka mchele Iringa, nikaona kijiwe nyuma ya soko, wanaume watupu. Niliomba nafasi, wakacheka, nikakaa, nikawafunga watatu mfululizo. Wa nne alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, rangi imemwingia mpaka kwenye kucha. Nilimfunga, akapisha bila neno, akaenda kukaa mwisho wa foleni. Alipofika tena nikamfunga tena. Mara ya sita nikamuuliza kama hachoki kufungwa.

"Nikikufunga si utaondoka," alisema.

Kwa hiyo tulipoamua kuoana hatukuwa na haja ya kufikiri sana. Harusi ya watu thelathini, uani kwa baba, Rujewa, katikati ya Mbeya waliko ndugu zetu na Iringa kwao. Mbao kumi na tano atachora yeye. Tukitoka kanisani kila mtu anatafuta kigoda, anayefungwa anapisha, na atakayebaki amekaa mwisho wa siku ndiye atakayekata keki, hata akiwa mpishi. Tulicheka sana kupanga jambo hilo. Tuliandika mpaka adhabu ya mtu atakayeficha kizibo mfukoni: ataosha masufuria.

Mchezo wa kwanza ungekuwa wangu na baba. Hapo ndipo penyewe, mengine yote yalikuwa mapambo. Miaka miwili kabla ya hapo baba alikuwa amepooza upande wa kulia, na mdomo ukaenda na mkono. Maneno yalimwisha, yakabaki machache kama "ndiyo" na "maji" na "pisha". Baba wa bibi harusi hutakiwa kusimama mbele ya watu na kutoa nasaha, na baba asingeweza. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa unacheza na kichwa kilikuwa kizima, bado alikuwa ananifunga. Nilitaka anitoe kwa njia aliyoiweza. Nilipomweleza mpango huo alinishika kidole akakibana, na kesho yake akaanza kukusanya vizibo kwenye ndoo.

Halafu akaingia shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana duka la vitenge Mwanjelwa, na kwenye ukoo wetu hakuna mtu anayeoa, anayezaa wala anayefukiwa bila yeye kushika usukani. "Shughuli ni watu, mwanangu," aliniambia. "Thelathini? Hicho ni kikao cha mtaa. Baba yako kazika watu na kaozesha watoto wa watu, leo zamu yake imefika unataka waje thelathini?" Upande wa mume wangu walikuwa wachache, bibi aliyemlea na wajomba wawili, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia. Kamati ikaundwa. Ilikaa kila Jumapili juu ya duka lake, watu kumi na wawili wanatafuna kuku, mafuta yanatiririka mpaka kwenye videvu, wanachokonoa meno huku wanajadili maisha yangu. Mtu mzima anajilamba vidole mbele ya uso wako halafu anakuuliza kama gauni litakuwa na mkia. Nilikuwa natoka pale nimeshiba kinyaa.

Kwanza walinipa ukumbi, Mbeya mjini. Drafti mtacheza humohumo, walisema, kuna nafasi ya kutosha. Nikakubali. Wakanipa sare za miraba nyeusi na nyeupe, ili ionekane mada ni yetu. Nikakubali. Wakanipa keki ya drafti kama zawadi ya kamati, nikasema asante. Shangazi hajawahi kugusa kete maishani mwake, lakini alinichezea kama baba anavyocheza: aliniachia moja, nikala, akaniachia nyingine, nikala, na kila nilipokula nilikuwa nimesogea pale alipotaka nifike.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe aliniita peke yangu, nyuma ya marobota ya vitenge.

"Suala la mzee," alisema. "Barabara itamchosha. Na kuna video, unaelewa. Yale mate. Meza kuu watu watakuwa wanakula."

Nilianza kukunja kitenge kilichokunjuka juu ya robota.

"Atakaa baba yako mdogo. Baba mdogo ni baba, au siyo?"

Ni kweli, kwetu hilo halina mjadala. Ndugu wa baba yako ni baba yako, anapokea mahari, anakutoa kanisani, na hakuna atakayesema umeletewa mtu baki. Ni desturi nzuri, imewafuta machozi yatima wengi. Shangazi alikuwa ameichukua desturi ya kumsaidia mtoto asiye na baba akaigeuza ya kumficha baba aliye hai. Na huyo baba mdogo mwenyewe, tangu kaka yake apooze, hakuwahi kukanyaga Rujewa hata kuleta kipande cha sabuni.

Ningesema hapana. Mdomo ninao, na hasira ninazo, watu wa soko wananijua. Lakini nyani haoni kundule. Mwezi mmoja kabla ya hapo bibi wa mume wangu alikuwa amekuja Rujewa na wajomba kuleta mahari. Tulikula sinia moja, kama inavyopasa. Mate ya baba yakadondoka kwenye wali, uzi mrefu, mbele ya wageni. Yule bibi kizee wa watu aliendelea kula kana kwamba hakuna kitu. Aliyeondoa mkono ni mimi. Nilisema nimeshiba, nikaenda nyuma ya jiko nikasimama nimeziba pua. Mimi, ambaye mtu huyu nilimtapikia, akanifuta, akanibeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na malaria.

Kwa hiyo shangazi aliposema mate, aliongea kilichokuwa tumboni mwangu. Nikamwuliza nani atamwambia baba.

"Niachie mimi."

"Sawa, shangazi," nikasema.

Mume wangu nilimwambia kwamba baba mwenyewe kaona njia itamchosha. Aliacha brashi, akanitazama.

"Kasema yeye?"

"Kasema."

Akarudi kuchora. Alizimaliza mbao zote kumi na tano, na ukumbini kamati ikaziweka mezani kama sinia za kuwekea soda. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyecheza. Baba mdogo alikaa kwenye kiti cha baba amevaa suti ya kung'aa, akapewa kipaza sauti, akasema amenilea kwa tabu mpaka nimefika hapo. Akalia. Alilia machozi kabisa, yana chumvi, watu wakampigia makofi, kamasi ikamfika mdomoni akaifuta kwa kitambaa cha meza. Hakuna aliyesema ajifiche. Nilimwangalia nikasikia nyongo inapanda, halafu nikakumbuka ni nani aliyesema "sawa, shangazi", ikashuka na kubaki hapohapo.

Jumatatu tulikwenda Rujewa na mbao zetu. Kwenye geti tulimkuta jirani yetu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe Usangu zamani, na ambaye ndiye anayempikia baba. Hakutupongeza.

"Mngeniambia ningemvua," alisema.

Nikamuuliza kumvua nini.

"Suti. Dada yake alipiga simu akasema gari litakuja kumchukua Jumamosi. Nilimvalisha saa kumi na mbili asubuhi. Akakaa hapo barazani na ndoo yake. Kila gari likipita anainua mkono. Giza likaingia, nikataka kumvua, akakataa. Jana akakataa. Nyinyi mngeniambia tu, ningemvua."

Baba alikuwa barazani, kwenye kiti chake, na suti. Kola imekakamaa kwa mate yaliyokauka. Pembeni ilikuwapo ile ndoo, imejaa vizibo vilivyooshwa mpaka vinameta, na mbele yake debe, ubao, na kete zimepangwa zote, za soda upande wake na za bia upande wangu. Zilikuwa na vumbi la siku mbili.

Nilipiga magoti kumwamkia. Nilitaka kusema, sijui ningesema nini, pengine ningesema uongo mwingine. Aligonga ubao kwa mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye kigoda.

Tukacheza. Mume wangu alisimama nyuma yangu. Baba hakuwa na haraka, na mimi nilikuwa nacheza ovyo, macho yamejaa. Katikati ya mchezo aliinama kusogeza kete, mate yakashuka, yakaangukia juu ya kete yenyewe, na kete akaiacha palepale, wazi mbele yangu. Niliuona mtego. Nyuma yake zangu tatu zilikuwa zinakwenda na maji. Lakini kula ni lazima. Baba aliniangalia, si ubao aliokuwa anauangalia.

Niliiokota kwa vidole. Ilikuwa na uvuguvugu. Niliishika mkononi, sikuifuta, naye akanyanyua yake akanila tatu, tap, tap, tap, na baada ya hapo sikuwa na mchezo.

"Pisha," alisema. Neno lilitoka safi, kama zamani.

Nikainuka. Mume wangu akakaa kwenye kigoda changu, akaanza kupanga vizibo. Baba akamzuia mkono, akageuza ubao polepole mpaka vizibo vya soda, ambavyo tangu nizaliwe vilikuwa vyake, vikawa upande wa mume wangu. Mume wangu akakohoa.

"Baba," alimwuliza kwa upole, "ni kweli ulisema safari ya Mbeya ingekuchosha?"

Baba akaacha kupanga. Aliniinulia macho, akanitazama nilivyosimama na kizibo kimelowa kiganjani, akanitazama kwa muda mrefu, mpaka nikatamani aniseme, anikane pale mbele ya mume wangu yaishe.

"Ndiyo," alisema, akasukuma kete ya kwanza.